Pedi Haina Jinsia, Lakini Ina Wenyewe

Ukiwauliza wavulana wa kampasi kwa nini chumba chao cha gemu hakina msichana hata mmoja, watakujibu haraka kama watu waliokariri: pedi haina jinsia. Anayetaka kucheza aje acheze. Mlango uko wazi. Nimelisikia jibu hili kwenye hosteli, kwenye vibanda vya PS nje ya geti, na kwenye makundi ya WhatsApp yanayopanga mashindano ya wikendi. Nimelisikia mara nyingi hadi nikaamua kuliandikia, kwa sababu linafanana sana na ukweli na bado si ukweli.

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa karibu na PlayStation, pedi ni kile kidude cha kushika mikononi, chenye vitufe na vijiti viwili vya kuzungusha, kinachomwamuru mchezaji kwenye skrini. Ndiyo, najua neno hilo lina maana nyingine. Wavulana pia wanajua. Msichana akiomba pedi kwenye kibanda cha PS, lazima kuna msee atamwambia pedi zake ziko dukani, na wote watacheka kama ni mara ya kwanza kuisikia. Mwaka 2017 Kenya ilipitisha sheria ya kuwapa wasichana wa shule pedi za bure. Hizi nyingine hakuna bunge lililozifikiria, na wala halihitajiki bunge. Anahitajika tu aliyeishika aipitishe.

Hoja yangu ni moja na si ngumu. Uhodari kwenye gemu ni masaa. Masaa yanahitaji mahali. Na mahali kwenye kampasi zetu paligawanywa kitambo, kabla msichana hajaripoti na sanduku lake. Kwa hivyo anayesema mlango uko wazi anaongea kuhusu mlango, ilhali sisi tunaongea kuhusu kiti, pedi, saa ya usiku na nani analipa.

Wacha nijitambulishe usije ukasema naongelea vitu nisivyovijua. Nilisoma chuo cha umma kwa miaka miwili na muhula mmoja, nikaacha. Siku hizi naishi kwa kuandika: maelezo ya bidhaa za watu, makala za kampuni ambazo sitawahi kuona ofisi zao, na mara moja moja kitu kama hiki. Gemu nilianza nikiwa darasa la sita, kwa binamu yangu, kwenye PS2 iliyokuwa inasimamishwa kwa ubavu ndiyo ikubali kusoma diski. FIFA, Tekken, San Andreas. Mimi si mtalii kwenye hii mambo.

Tuanze na mahali. Kwenye kampasi nyingi, chuo halisi cha gemu ni hosteli ya wavulana. Mmoja ametoka nyumbani na PS, mwingine ana skrini, wa tatu ana waya mrefu wa kuiba stima kutoka kwa taa ya korido. Chumba cha watu wanne kinakuwa uwanja. Kwetu, wageni wa kike walitakiwa kuwa wametoka hosteli ya wavulana kufika saa tatu usiku. Sasa niambie, watu huanza kucheza gemu saa ngapi? Baada ya madarasa, baada ya ugali, baada ya kila mtu kuoga na kurudi. Saa tatu. Mlango ulikuwa unafungwa dakika ileile mchezo ulikuwa unaanza.

Na hata askari asipopita, macho yanatosha. Msichana akionekana akishuka ngazi za hosteli ya wavulana usiku, hakuna atakayefikiria alikuwa anajifunza kupiga frikiki. Kesho yake atasikia jina lake kwenye foleni ya chakula, likiwa na hadithi mpya. Mvulana akishuka ngazi hizohizo saa saba usiku, ametoka tu kwa gemu. Hiyo ni sentensi ambayo kwake huaminika bila shahidi.

Hebu tufanye hesabu kidogo, ya mfano tu. Muhula una wiki kama 15, na mwaka una mihula miwili. Mvulana anayecheza mechi 2 kila usiku, siku 5 za wiki, atakuwa amecheza mechi 300 kwa mwaka. Kwa miaka 4, mechi 1,200. Msichana anayeenda kibandani Jumamosi mchana akacheza mechi 2, atakuwa na mechi 60 kwa mwaka, 240 kwa miaka 4. Halafu wakutane kwenye mashindano ya wiki ya michezo. Mechi 1,200 dhidi ya 240. Anachapwa mabao 6 kwa bila, na kuna mtu anasimama kusema kwa sauti ya upole, unajua wasichana hawana ile kitu. Ni kitu gani, bro? Ile kitu ni mechi 960.

Basi aende kibandani, utasema. Sawa, twende kibandani. Vibanda vya PS nje ya geti la chuo vina katiba fupi: mshindi anabaki, anayechapwa analipa. Sheria hii inaonekana ya haki kuliko zote. Haitaji mwanamume wala mwanamke. Haitaji mwenye nguvu wala mnyonge. Lakini iangalie vizuri uone inafanya kazi namna gani. Aliyezoea anacheza mechi saba mfululizo bila kutoa shilingi. Mgeni anacheza moja, anachapwa, analipa, anarudi nyuma ya foleni. Yaani mgeni ndiye anayelipia mazoezi ya mwenyeji. Mvulana mgeni naye huanzia hapo, sikatai, ila yeye akichoka kuchapwa ana korido nzima ya kurudi kujifunzia bure. Msichana akichoka kuchapwa anarudi kwa chumba chenye meza ya kupigia pasi.

Halafu kuna kuingia kwenyewe. Swali la kwanza kibandani si unacheza gemu gani. Swali la kwanza ni: umekuja na nani? Niliulizwa hivyo mara nyingi hadi nikawa na majibu matatu tofauti kulingana na hali ya moyo wangu. Swali hilo lina maana kwamba uwepo wako hapo unahitaji mwenyewe. Ukisema umekuja na fulani, unapewa kiti na soda, na hakuna atakayekupa pedi, kwa sababu wewe ni mgeni wa fulani. Ukisema umekuja peke yako, basi uko sokoni. Hakuna jibu linalokufanya uwe tu mtu aliyekuja kucheza.

Na ukifanikiwa kuishika, wanakutokea watu wa aina tatu. Wa kwanza ni kocha: anasimama nyuma yako akikuambia bonyeza mraba, bonyeza mraba, pasi, pasi, hadi mikono yako inakuwa yake. Wa pili ni mwungwana: anakuachia ufunge, anacheka vizuri, na kila mtu anajua amekuachia. Wa tatu ndiye mbaya zaidi, naye ni yule unayemshinda kihalali. Huyo pedi yake ilikuwa imeharibika. Kitufe kilikuwa kinakwama. Stima ilipepesa. Alikuwa anakuangalia wewe badala ya skrini. Nimewahi kumfunga msee mabao 3 kwa 1, na kibanda kizima kikamhurumia yeye. Hakuna aliyesema nimecheza vizuri. Walisema leo hakuwa yeye.

Usidhani hii ni tabia ya vibanda vyetu tu vyenye sakafu ya vumbi. Mwaka 2016 huko Korea Kusini kulikuwa na msichana wa miaka 17, Kim Se-yeon, anayejulikana kama Geguri. Alikuwa akicheza Overwatch kwa ustadi kiasi cha wachezaji wa kulipwa kusema haiwezekani, lazima anatumia programu ya kudanganya. Kampuni yenye gemu ilichunguza ikamsafisha. Haikutosha. Ilibidi akae mbele ya kamera, mkono wake ukionyeshwa moja kwa moja, acheze watu wakitazama vidole vyake. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza katika Overwatch League, akiwa na Shanghai Dragons. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi. Lakini jiulize ni wavulana wangapi wa miaka 17 wamewahi kuombwa walete mikono yao ikaguliwe.

Najua mnachotaka kuniambia sasa. Nitazijibu hoja zenu moja moja, maana nimezila hadi nikashiba.

Ya kwanza: wasichana hawapendi gemu. Panda matatu yoyote jioni, keti nyuma, angalia simu za wanawake waliotoka kazini. Candy Crush. Ludo. Zile za kupanga matofali. Mama mmoja jirani yangu wa zamani alikuwa amefika hatua ya elfu na kitu, na alikuwa akicheza kwa ukali ambao sijauona kwa mvulana yeyote wa FIFA. Lakini hizo mnasema si gemu. Gemu ni ile mnayocheza nyinyi. Sisi tuliokulia kwenye mitaa ya Kenya tulicheza kati, blada na kamba hadi giza likaingia, tukagombana kuhusu nani amekufa na nani bado yuko hai. Hamu ya kucheza haikutupotea barabarani tukienda chuo. Tulifika tukakuta mnaoamua gemu ni nini ni watu wa korido moja.

Ya pili: mbona QueenArrow aliweza? Hii mnaipenda sana. Sylvia Gathoni, huyo QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na XiT Gaming, timu ya nje, akawa mwanamke wa kwanza Mkenya kusajiliwa na timu ya kimataifa ya michezo ya kielektroniki. Alikuwa akicheza Tekken, na wakati huohuo akisomea sheria JKUAT. Namheshimu kuliko mnavyomheshimu, kwa sababu mimi huwa naangalia mechi zake na nyinyi huwa mnalitumia jina lake. Mtu mmoja akivuka mto uliofurika, hatusemi daraja lipo. Tunasema huyo anajua kuogelea. Tena angalieni mnavyohesabu: mwanamke akifaulu, ni ushahidi kwamba kampasi ni ya haki. Mwanamke akichapwa, ni ushahidi kwamba wanawake hawawezi. Kwa hesabu hiyo hamwezi kukosea hata siku moja.

Ya tatu: wanawake wajitokeze, hakuna aliyewazuia. Hii tunaijua kama Wakenya, kwa sababu ni wimbo wa taifa zima. Katiba ya 2010 inataka asiwepo zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge baada ya bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Na kila mjadala ulipofika, kulikuwa na mheshimiwa wa kusema wanawake wajitokeze tu wapambane. Mheshimiwa huyo na yule msee wa kibandani wanaongea lugha moja. Wote wameshakaa kwenye kiti, na kutoka pale kwenye kiti uwanja unaonekana sawasawa kabisa.

Ya nne: matusi ni ya kila mtu, gemu bila maneno haina ladha. Hapa nitawaomba tuwe wakweli, maana sisi ni watu wa mchongoano. Mimi nimelelewa kwa mchongoano. Mchongoano una sheria ingawa hazijaandikwa: unanirushia, nakurushia, tunaowasikiliza ndio waamuzi, na mwishowe tunagawana mkate. Niambie nimecheza kama mtu aliyefungwa mikono na nitacheka kwa sababu ni kweli. Hicho si kile msichana anachosikia akifungua maiki kwenye Call of Duty ya simu. Akisema neno moja tu, sauti ikisikika ni ya kike, mechi inasimama kuwa mechi. Anaambiwa arudi jikoni. Anaombwa picha. Anaelezwa na mtu asiyemjua vile atakavyofanyiwa, kwa mpangilio, hadi mwisho. Hakuna mchongoano wa kujibu kitu hicho. Kwa hivyo anajifunza kile ambacho wengi wetu tumejifunza: kuzima maiki na kutumia jina la kiume. Mimi jina langu la mtandaoni ni la mwanamume hadi leo. Nikicheza vizuri kwa jina hilo naambiwa, safi sana bro. Hapo ndipo ninapopata sifa zangu zote.

Mnaona gharama yake? Gemu za kikosi zinachezwa kwa kuongea. Adui yuko kushoto, nifunike, risasi zimeisha. Aliyezima maiki anacheza akiwa nusu kiziwi na bubu, halafu anapimwa kwa kipimo kilekile na wanaoongea.

Hata waliotengeneza gemu zenyewe hawakuwa na haraka. FIFA ilianza kuuzwa mwaka 1993. Timu za wanawake ziliingia mara ya kwanza kwenye FIFA 16, iliyotoka mwaka 2015. Zilikuwa timu 12 za taifa, na hakuna hata moja ya Afrika. Mwaka uliofuata, Harambee Starlets walicheza Kombe la Afrika kwa mara yao ya kwanza, huko Kamerun. Yaani msichana wa Kenya angeweza kuwaona wenzake uwanjani Kamerun kabla hajawaona kwenye skrini ya hosteli. Na mwaka 2023, wanawake walipochanganywa na wanaume kwenye vikosi vya Ultimate Team ndani ya EA Sports FC 24, kelele zilizopigwa ungedhani mtu ameibiwa shamba. Mchezo wa kubuni, wenye wachezaji wa kubuni, ambapo beki anaweza kununuliwa kwa sarafu za kubuni, lakini mwanamke kumpita mwanamume mbio ndiyo ikawa uongo usiovumilika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike. Kuna watu watasoma hadi hapa waseme, sawa, lakini ni gemu tu. Kuna njaa, kuna karo, kuna vijana hawana kazi. Wewe unalilia pedi?

Ndiyo, nalilia pedi, kwa sababu ya karo.

Chumba cha gemu si cha gemu pekee. Watu wanaokaa pamoja usiku tano kwa wiki huongea. Kati ya mechi na mechi, mmoja anauliza nani ana mitihani ya miaka iliyopita ya yule mwalimu mgumu. Mwingine anasema mjomba wake anatafuta watu watatu wa atachimenti. Mwingine anaeleza jinsi ya kujaza fomu ya HELB ile sehemu inayokwamisha watu. Hakuna mkutano ulioitishwa na hakuna aliyekusudia kumfungia mtu nje. Ni maneno tu ya watu waliozoeana. Lakini maneno hayo ndiyo nusu ya chuo. Hiyo nusu nyingine, ya ukumbini na ubao, wote tunalipia. Hii ya chumbani hutolewa bure kwa walioketi hapo.

Muhula wangu wa mwisho nilikuwa na deni la karo la shilingi 28,000. Niliuza simu, nikabaki na 19,500. Hiyo 19,500 ndiyo iliyonitoa chuo. Miezi kadhaa baadaye nilikutana mjini na kijana tuliyesoma naye, tukanywa chai, akaniuliza naishi vipi. Nikamwambia naandika vitu vya mtandaoni. Akashangaa. Akasema, kumbe na wewe unafanya hizo? Sisi tulianza tukiwa mwaka wa pili, pale kwa fulani kwa PS. Ilikuwa kazi ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuzichapa. Mmoja wao alikuwa na akaunti, akawafundisha wengine wanne usiku huohuo, pedi ikizunguka. Watatu kati yao walilipa karo ya muhula ule kwa hizo pesa. Muhula uleule.

Sikumkasirikia, na hakuwa amenificha chochote. Angeniambia kama ningekuwa pale. Ndivyo alivyosema, na namwamini: ungekuwa pale tungekuambia. Nimeigeuza sentensi hiyo kichwani mwangu tangu siku ile. Hakuna adui ndani yake. Kuna chumba, kuna saa, na kuna watu ambao hawakuwa pale kwa sababu zinazojulikana. Nilikaa vitanda sita na korido moja mbali na pesa zilizonishinda. Kwa hivyo usiniambie ni gemu tu.

Ndiyo maana pia sitaki hizo dawa mnazotuletea. Kila baada ya muda, klabu fulani ya chuo hukumbuka kwamba wanawake wapo, na wanatangaza siku ya wasichana. Bango la waridi. Mashindano ya saa mbili mchana, zawadi ni kikombe na begi la kitambaa, wavulana wanapiga picha kwa ajili ya ukurasa wa klabu. Jumatatu kila kitu kimerudi mahali pake. Siku moja kwa mwaka haimpi mtu masaa. Inawapa klabu picha. Msichana aliyecheza mechi 2 siku hiyo bado ana pengo la mechi 958.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja ikabandikwa mlangoni.

Kama klabu ya gemu ina chumba na vifaa vilivyonunuliwa kwa pesa za wanafunzi, na wasichana wanalipa ada ileile, basi kuwe na daftari la zamu, na nusu ya zamu ziwe zao, wakija wasije. Wasipokuja wiki ya kwanza, zamu zao zisigawiwe. Mtu hawezi kuzoea kiti kinachonyakuliwa kila akichelewa. Zamu hizo ziwe mchana na jioni ya mapema, mahali pa wazi, ambapo hakuna ngazi za kushuka wala hadithi za kesho.

Kwenye vibanda, jaribuni kuacha mshindi anabaki, angalau siku mbili za wiki. Mechi mbili mbili, kila mtu analipa yake, foleni inasonga. Mwenye kibanda hatapoteza kitu. Kinyume chake, atapata wateja wanaolipa badala ya bingwa anayekaa bure tangu mchana.

Kwenye makundi ya mtandaoni, msimamizi wa kundi asimamie. Mtu akimtisha mwanamke ama akimtumia uchafu, atolewe siku hiyohiyo, ujumbe wake ukihifadhiwa. Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, na kumsumbua mtu mtandaoni ni kosa humo ndani. Sisemi mkimbilie polisi kwa kila neno. Nasema msijifanye hamjui tofauti ya mchongoano na tishio, kwa sababu wakitishiwa dada zenu mnaijua haraka sana.

Na habari za kazi, za atachimenti, za mitihani ya zamani, ziwekwe kwenye kundi la darasa zima. Ukimwambia mmoja chumbani, waambie na wengine kesho asubuhi. Haikugharimu kitu zaidi ya bando ya dakika moja.

Kwenu wasichana, nina neno moja, na si la kuwaambia muwe jasiri. Ujasiri mmeambiwa vya kutosha. Mama zetu walinunua sufuria, magodoro na mbuzi kwa chama. Kila mwezi kidogo kidogo, jina linatolewa, mtu anabeba. Wasichana kumi kwenye korido moja wanaweza kununua PS ya mitumba ndani ya muhula mmoja, wakaiweka kwa chumba cha aliye na skrini, wakapanga zamu zao wenyewe usiku, bila askari na bila kuulizwa wamekuja na nani. Chezeni vibaya. Chapaneni. Tukaneni kwa mchongoano wa haki. Na kati ya mechi na mechi, ongeeni kuhusu pesa.

Lakini chama hicho kisiwe kisingizio cha kuwaacha wavulana wakae na vyumba vyao kwa amani. Chuo ni kimoja na karo ni moja. Ninyi mnaosema pedi haina jinsia, nakubaliana nanyi kabisa. Ni plastiki na betri. Basi acheni kuniambia mlango uko wazi, na usiku wa leo, mechi ikiisha, muulizeni msichana aliyeketi pale pembeni na soda anachukua timu gani.